Dakika Kumi na Moja Kabla ya Avokado

Video ya kwanza ambayo Mwalimu alinitengenezea ilikuwa ya dakika kumi na nne, na avokado ya kwanza ilionekana dakika ya kumi na moja. Kabla ya hapo kulikuwa na kengele, sala, salamu, malengo ya somo na majina ya watu ishirini na sita. Kengele yenyewe ilikuwa ya shule, ya shaba, alistaafu nayo, na sijawahi kujua kama alizawadiwa au aliibeba tu. Nilimwambia, "Mwalimu, watu watalala." Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Atakayelala si mnunuzi, Mama Shiro. Mwache alale."

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa upande wa Bungoma, na aliishi Kitale kwa sababu mkewe alikuwa bado anafanya kazi ofisi moja ya serikali mjini. Mimi ni wa zile familia zilizotoka Mkoa wa Kati zikaja kulima Trans-Nzoia, na mdomo wangu nilikuja nao. Tulitenganishwa na ua tu. Upande wake kulikuwa na kiti, redio na migomba minne. Upande wangu kulikuwa na kitalu cha miche, kwenye ploti ya kukodi kando ya barabara, na ndicho kilichokuwa kinanilisha mimi na watoto tangu nifiwe na mume.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miche elfu nane ya avokado, ile ya kuunganishwa, yaani shina la kienyeji limefungwa kijiti cha aina nzuri juu yake. Asiyejua kazi hii hudhani mche ni kama sufuria, usiponunuliwa leo utanunuliwa kesho. Hapana bana. Mche una msimu wake. Mvua ya masika ikipita kabla haujaingia shimoni, mizizi hutoboa kifuko na kujishikilia pale pale ulipo, na siku ukiung'oa umeua. Miche elfu nane ikikwama, mimi ningerudi kuuza sukuma wiki sokoni, kazi niliyoifanya miaka tisa na mgongo haujasahau. Hilo nililijua mimi, na Mwalimu alilijua, maana nilimwambia kila asubuhi juu ya ua mpaka akachoka kulisikia.

Kilichomleta kwenye mambo ya video ni video yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeegemeza simu kwenye debe, ninaongea polepole kwa aibu, kuku wanalia nyuma. Mwalimu akachungulia uani.

"Hiyo ni nini?"

"Ni tangazo, Mwalimu. La kuweka kwa mtandao."

"Si tangazo hilo. Hayo ni maungamo," akasema, akazunguka akaingia kwa lango akiwa na rula ya ubaoni mkononi.

Tangu siku hiyo sikuwa na kitalu, nilikuwa na shule. Aliandika mpango wa somo kwa kila video, kwa kalamu, kwenye daftari la mistari. Mtu akifungua video yangu kutafuta miche alipokelewa na sauti nzito ikimwambia: "Kufikia mwisho wa video hii, mtazamaji aweze kutaja sifa tatu za mche bora, aweze kueleza vipimo vya shimo, na aweze kununua." Hilo la tatu alilisema kwa sauti ile ile ya mawili ya kwanza, bila kubembeleza, kana kwamba kutonunua ni kufeli.

Alikuwa na sheria zake na hazikuwa na rufaa. Simu ilazwe, isisimamishwe, kwa sababu macho ya binadamu yamelala ubavu kwa ubavu na Mungu hakukosea. Muziki hapana, muziki ni wa harusi. Kukata kipande cha video hapana, hata kama nimekohoa. "Maneno yaliyosemwa hayakatwi, sisi si wachinjaji." Na mimi nivae nguo za kanisani. Nimemwagilia miche nikiwa na sketi ya Krismasi na viatu vya kisigino, matope mpaka kwa kifundo, huku jirani wa upande wa pili, mwenye mbuzi, akiniuliza kama kuna mtu ameposa.

Yeye mwenyewe hakuonekana hata siku moja. Mtu aliyenifokea miezi mitatu kwamba nitazame kamera kama ninavyomtazama mteja, yeye alisimama nyuma yake. Kilichoonekana kwenye video ni mkono wake wa kulia peke yake, na rula, ukigonga palipofungwa kijiti: "Hapa. Tazama hapa. Si pale, hapa." Nilimuuliza mbona anajificha. Akasema uso wake aliutumia wote darasani, hakuna uliobaki. Mkono ukapata umaarufu. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya benki, akalinyoosha shati, na mama mmoja nyuma yetu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Si huo ndio ule mkono?"

Maoni ya watazamaji aliyajibu yeye, kwa simu yangu, kwa jina langu. Mtu akiuliza bei, alimjibu: "Bei imetajwa dakika ya kumi na tatu. Rudi ukasikilize." Mtu akiuliza jambo la maana, alimwandikia: "Swali zuri. Saba juu ya kumi." Nilimwomba kwa magoti aache. Nikasema, "Mwalimu, hawa ni wateja, si darasa la sita." Akasema mteja ni mwanafunzi mwenye pesa.

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni majina. Mtu yeyote aliyewahi kuketi kwenye mchango wa hadhara, au harusi, au mazishi ya kwetu huku, anajua jambo hili: hakuna shughuli inayoanza mpaka waliohudhuria watambuliwe, kutoka mdogo mpaka mkubwa, na mgeni wa heshima huja mwisho, peke yake, baada ya kutua kidogo. Mwalimu aliihamisha desturi hiyo nzima nzima akaitia ndani ya video ya kuuza miche. Alimtambua fundi wa baiskeli wa kona. Alimtambua mama wa hoteli ya chai, katekista, mlinzi wa ghala la mahindi, mwenye mbuzi, na mwenye mbuzi hakuwa amehudhuria, alikuwa upande wa pili wa ua akikamua. Aliyasoma kutoka kwenye karatasi, mkono wa kushoto, taratibu, na vyeo vyake. "Itifaki imezingatiwa," akamaliza, na hapo ndipo ungeona jani.

Nilimwambia waziwazi kwamba ananiua. Akasema, "Mama Shiro, biashara si bidhaa. Biashara ni mahudhurio. Aliyetajwa amehudhuria."

Nilicheka, na sasa naandika hapa kwamba nilicheka bure. Fundi wa baiskeli alipotajwa, aliituma video kwa ndugu zake wote mpaka wa Webuye, si kwa sababu ya avokado, kwa sababu ya fundi wa baiskeli. Katekista aliituma kwa jumuiya zote za kanisa lake. Mama wa hoteli aliiweka kwenye zile grupu za mazishi, zile ambazo mtu huingizwa siku ya msiba na hatoki maisha yake yote, kwa kuogopa kuonekana hana huruma. Kumbe grupu za mazishi ndilo soko kubwa kuliko yote magharibi ya Kenya. Watu wazima, wenye mashamba, wamekaa mle kimya wanangoja kitu cha kuangalia. Dakika kumi na nne kwao ni fupi, wamezoea hotuba.

Wakaanza kuja. Na walijitambulisha kwa dakika. Mzee mmoja alifika na bodaboda kutoka Chwele, akavua kofia, akasema, "Mimi ni shemeji ya yule wa dakika ya saba." Na yule aliyetajwa mwenyewe hakuja mikono mitupu, alinunua, hata kama ni miche miwili, maana utatajwaje halafu usionekane? Nikauza mia, nikauza mia tano, nikafika elfu moja na mia nane kabla masika haijashika vizuri. Nilimpikia Mwalimu kuku. Akala, akasema kuku ana chumvi nyingi.

Malipo hakutaka, kwa hiyo usinione mchoyo. Alitaka chai ya saa nne na mandazi mawili, na nafasi ya kulalamika kwamba mandazi ni magumu. Avokado hakula kabisa. Mtu aliyeielezea nchi nzima faida za avokado kwa moyo na kwa ngozi, nikimpa kipande alisukuma sahani. "Tunda gani hili mpaka uliwekee chumvi?" Alichukia kuchelewa kuliko dhambi. Mtu akichelewa dakika tano kurekodiwa alimfungia lango, kisha yeye akatumia dakika kumi na moja kumkaribisha mtu kwenye video. Nilimwonyesha hilo. Akasema kuchelewa ni tofauti na kujiandaa. Nilimpenda Mwalimu kama kaka mkubwa, nalisema wazi, na kulikuwa na siku ningempiga na jembe.

Sasa mwenyekiti.

Kulikuwa na kikundi cha wakulima upande wa Webuye, watu sitini na kitu, na mwenyekiti wao aliiona moja ya video zetu kwenye grupu ya mazishi ya mjomba wake. Akanipigia. Walitaka miche elfu tatu, kwa mara moja, wiki mbili zijazo, mvua ikiwa imekolea. Elfu tatu! Nilikaa chini kwenye mfuko wa mbolea. Elfu tatu zikitoka, zilizobaki ningezimaliza hata kwa rejareja, na kitalu kimepona. Alisema atakuja kuiona kwanza kwa macho yake, na akauliza, kama anayeuliza jambo dogo, "Na ile video, huwa mnapiga siku gani?"

Alikuja Alhamisi, na koti zito jeusi na tai, jua likiwa limesimama. Alikuja na katibu wake. Alipita katikati ya miche, akagusa jani hili na lile, akasema ni mizuri, tukashikana mikono. Kisha akajipanga mahali ambapo kamera ingemwona, akasubiri. Mwalimu akapiga kengele. Akasali. Akatoa karatasi. Akataja watu thelathini na wanne siku hiyo, hesabu yake kubwa kuliko zote. Alitaja mpaka katibu. Akasema itifaki imezingatiwa, akainua rula, akaanza kufundisha shimo. Mwenyekiti aliendelea kutabasamu. Nilidhani mwenyewe kwamba nimesinzia nikapitwa na jina, maana na mimi nilikuwa na miguu inauma kwa vile viatu.

Video ikaenda. Keshoye jioni simu ikalia.

"Mama," akasema mwenyekiti. Sauti ilikuwa ya heshima sana, hapo nikajua kuna shida. "Nimeketi na wanachama wangu. Tumeitazama yote, mpaka mwisho, watu kumi na tano kwa simu moja. Mrinzi ametajwa. Katibu wangu ametajwa. Ati hata mtu wa mbuzi. Kwani mimi nilikuwa mche pale?"

Nikamwomba msamaha, nikasema ni bahati mbaya, nikasema nitamwona Mwalimu sasa hivi na tutapiga nyingine ambayo ni yake peke yake. Nikakimbilia uani na simu mkononi.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake. Nilimweleza. Aliizima redio, akaangalia migomba yake.

"Sikumtaja," akasema.

"Najua hukumtaja. Ndiyo nakuuliza."

"Nina sababu zangu."

"Sababu gani, Mwalimu? Elfu tatu!"

Akasimama. Alipopandwa na hasira, r na l zake zilibadilishana viti, yeye aliyewachapa watoto wa watu kwa kosa hilo hilo. "Siludii video, Mama Shiro. Somo lililofundishwa harifundishwi tena kwa sababu mgeni amenuna." Akaingia ndani. Mwaka mzima wa ujirani hakuwahi kuingia ndani akiniacha nimesimama.

Nikarudi kwangu nimewaka. Lakini nikiwa njiani, hatua hizo chache tu, hasira ikageuka kitu kingine. Nilimjua Mwalimu. Mtu anayemtambua mlinzi na mwenye mbuzi hamwachi mwenyekiti bure. Kama Mwalimu ana sababu, basi sababu iko, na lazima ni mbaya. Huyu mwenye koti amefanya jambo. Labda amekula mchango wa madawati ya shule. Labda amesogeza mpaka wa shamba la yatima. Kufikia mlangoni kwangu nilikuwa nimeshamhukumu.

Simu ikalia tena. Mwenyekiti alitaka kujua video mpya itapigwa lini. Na mimi, na huu mdomo wangu, nikamwambia, "Mwalimu ana sababu zake. Na wewe unazijua."

"Sababu gani?"

"Jiulize," nikasema, nikakata.

Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Kwa siku mbili hivi nilitembea kitaluni kama mtu aliyekataa rushwa.

Ya tatu nikahesabu miche. Nilikuwa na elfu sita na mia mbili na masika ikiwa katikati. Mwalimu hakuja tena kwa chai, na mimi sikumwita. Nikatafuta msichana mmoja aliyesomea mambo ya matangazo kule chuo cha Kibabii, mchangamfu, anajua kazi yake kabisa. Aliniambia mtazamaji anaamua ndani ya sekunde tatu. Akaisimamisha simu, akaweka muziki, akanivisha dera la maua makubwa, akaniambia nitembee katikati ya miche nikizunguka. Video ilikuwa ya sekunde kumi na tano na ilipendeza, hata mimi niliitazama mara nyingi. Iliangaliwa na watu wengi kuliko zote za Mwalimu zikijumlishwa. Waliandika kutoka Mombasa, waliandika kutoka nchi za Waarabu. Waliuliza bei ya dera.

Wale wa grupu za mazishi hawakuituma popote. Kwani wangeituma kwa nini? Hakuna aliyetajwa.

Mvua ikaanza kupungua, ikawa ya jioni tu, ikawa ya siku moja moja. Nilikuwa ninainua kifuko kila asubuhi kuangalia chini. Siku nilipoinua na kusikia kile kitu kinakatika, kile kizizi kidogo, nilikaa pale pale nikalia kwa sauti, na mwenye mbuzi akaja akasimama uani. Iliyotoka ilitoka kwa bei ya kutupa. Zaidi ya elfu nne niliing'oa mwenyewe nikaikausha, ikawa kuni za kupikia maharagwe. Ploti niliachia nusu, halafu robo tatu. Sikurudi sokoni kwa sukuma wiki, namshukuru Mungu, lakini kitalu nilicho nacho leo unakivuka kwa hatua ishirini.

Jambo la ajabu ni kwamba sikumchukia Mwalimu. Mkewe alipostaafu wakahamia kwao, karibu na Chwele, na nilimsaidia kufunga vikombe kwenye magazeti. Hatukulizungumza lile jambo. Na baada ya kuondoka ndipo nilipoanza kulisimulia. Nililisimulia kanisani, kwenye chama cha akina mama, kwa wateja: kwamba nilikuwa na jirani, mwalimu, mtu ambaye elfu tatu za miche hazikumfanya amtaje mtu mchafu. Kila nikilisimulia liliongezeka heshima, na mimi nilipata kipande changu humo ndani, mjane aliyepoteza kitalu kwa ajili ya haki. Watu walitikisa vichwa. Mwenyekiti nilikutana naye mara nne au tano miaka iliyofuata, mazishini, sokoni. Alinyoosha mkono. Sikuupokea. Miaka sita.

Mwezi uliopita nilikwenda Chwele siku ya soko. Huwa natafuta avokado za kienyeji zile ndogo zilizoiva kupita kiasi, ambazo wenyewe wanataka kutupa, kwa sababu mbegu zake ndizo zinazoota shina gumu la kuunganishia. Nilipopata gunia moja nikamwachia mama mmoja muuza viazi, nikachukua bodaboda mpaka kwa Mwalimu.

Alikuwa barazani, amekonda, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alikuwa na simu, ameilaza, anatazama video ya kijana anayeuza pampu za maji na anamsahihisha kwa sauti. Mkewe akaleta chai. Mwalimu akanitambulisha kwake, yeye tuliyeishi naye ua mmoja, akataja na cheo, "mwenye kitalu, Kitale," na mkewe akacheka akarudi jikoni.

Tuliongea ya watoto, ya mbolea, ya magoti. Aliuliza kitalu kinaendeleaje na nikamwambia ukweli, hatua ishirini. Akashusha kikombe.

"Ni kwa sababu ya ile miche elfu tatu."

"Hayo yamepita, Mwalimu. Ulikuwa na sababu zako na mimi naziheshimu. Nimekusimulia kwa watu wengi." Nikamsimulia na yeye mwenyewe, jinsi ninavyolisimulia. Nilipofika kwa mtu mchafu alinizuia na mkono, ule ule wa rula.

"Mama Shiro. Alikukosea nini yule mtu?"

"Mimi? Si wewe ndiye unayejua?"

Akaushusha ule mkono. Kisha akasema, bila kunitazama, "Majina yalikuwa mengi siku ile. Niliandika karatasi mbele na nyuma. Yeye nilimweka nyuma, peke yake, nikampigia mstari, kwa sababu ni mgeni wa heshima. Sikugeuza karatasi."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Niliiona jioni, mfukoni," akasema. "Halafu ukaja, unanifokea. Mimi nimewaambia watoto miaka yangu yote, geuza karatasi, geuza karatasi, kuna maswali nyuma. Kuna kijana nilimfelisha kwa hilo. Ningekwambia nini? Nikasema nina sababu. Nilidhani utaniuliza tena kesho yake, na hasira imeisha, nikwambie. Hukuuliza."

Nilikuwa nataka kumfokea, na nguvu nilikuwa nazo. Lakini nikafikiria ile simu niliyoikata mwenyewe, kwa kidole changu mwenyewe, hakuna mwalimu aliyenishika mkono. Nikamwambia chai ni nzuri. Nikamuaga mkewe. Mwalimu alinisindikiza mpaka langoni, akasimama wima pale akiwa ameshika mti wa lango, na hakusema kwaheri, alisema, "Nilikosea." Nadhani ni mara ya kwanza neno hilo lilipita kinywani mwake likimhusu yeye.

Nilipofika barabarani sikuita bodaboda. Nilikaa juu ya jiwe nikatafuta namba ya mwenyekiti. Ilikuwa bado iko, nilikuwa nimeihifadhi kwa jina baya ambalo siandiki hapa. Ililia kidogo tu akashika.

Nilimweleza yote, haraka, kabla mdomo haujageuka. Nikasema hakukuwa na sababu. Nikasema ni karatasi haikugeuzwa, na mengine yote ni mimi, na naomba msamaha.

Alivuta pumzi. "Hakukuwa na sababu yoyote?"

"Hakuna."

"Mama. Mimi nilimrudishia shemeji yangu ng'ombe wake kwa sababu ya ile simu yako. Nilijua Mwalimu amesikia mambo ya ng'ombe."

Sikujua kama nicheke. Nikamuuliza kama mwishowe walipata miche kwingine.

"Tungepataje kwingine? Tulishakubaliana na wewe, tulishikana mikono," akasema. "Mashimo tulikuwa tumechimba, yote elfu tatu. Nikawaambia watu wangu, huyo mama ana hasira tu, atapiga simu, tungojeni."

"Mlingoja mpaka lini?"

"Mpaka yakajaa maji," akasema. "Halafu mpaka yakakauka."